Kibaraza cha Kiingereza, Ujiji: shajara ya wiki 11 za mwanzo

Nawaandikia walimu wenzangu wa zamani kule Mombasa, kutoka hapa nilikoolewa: Ujiji, Kigoma, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika. Kila nikipiga simu swali ni moja: mradi wa kuwafundisha watoto wa mtaa Kiingereza kibarazani kwangu wafika wapi? Basi someni wenyewe. Nimenakili kutoka daftari langu kama nilivyoandika kila Jumamosi jioni, nikapunguza manung'uniko na kuongeza hali ya mwezi (sababu mtaiona wiki ya 3).

Wiki ya 1
Waliokuja: 26. Mwezi: mpevu.

Nilitangaza nafasi 12. Wakaja 26, na wawili kati yao wamebeba wadogo zao mgongoni. Vifaa: mkeka mmoja wa ukindu, boksi moja la chaki, na ubao aliouchonga fundi vitanda wa hapa jirani, ukapakwa rangi nyeusi mara mbili na bado unatoa utomvu pembeni.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na barua mkononi, maana mgeni ni mgeni hata akiwa ameolewa hapahapa. Akaisoma hadi mwisho, akaniuliza nitatoza kiasi gani. Nikamwambia sitozi. Akauliza tena, kana kwamba sikumsikia. Mwisho akagonga muhuri.

Nilipotokeza barazani walisimama wote kwa pamoja wakaimba: "Good moooorning, madam!" Nikaitikia. Nikawauliza hali. "We are fine thank you and you madam!" Moyo ukachanua, nikasema kumbe kazi imeshaanza. Nikamgeukia msichana mmoja wa darasa la nne aliyekaa mbele, nikamuuliza kwa Kiingereza jina lake nani. "I am fine thank you and you madam." Anakaa wapi? Yuko fine. Ana miaka mingapi? Fine, na mimi je?

Wimbo wanaujua. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ndani ya wimbo mna maneno. Lengo la kwanza la mradi nimeliandika usiku huu kwa kalamu nyekundu: kuwatoa kwenye wimbo.

Kwa mnaouliza kwa nini nahangaika: hapa shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, hesabu, baiolojia na jiografia zote zinageuka Kiingereza. Kwetu Kenya lugha hii humvamia mtoto mapema, hata kabla hajaihitaji. Huku inamvizia mlangoni mwa sekondari. Wenye nacho huwapeleka wanao ingilishi midiamu. Hawa wa kwangu ni wa wavuvi, wauza mawese na wachuuzi wa vitenge.

Wiki ya 2
Waliokuja: 21.

Leo mwanafunzi alikuwa mimi. Nilimuuliza mtoto mmoja, "Nyanya yako hajambo?" Akanitazama, akatazama genge la ng'ambo ya njia, akajibu kwa adabu, "Zimeoza, mwalimu." Nyanya huku ndizo tungule zetu, na mama mzaa mama ni bibi. Ilinichukua dakika nzima kueleza, na wao dakika tano kucheka. Baadaye nikasema kwamba Mombasa tuna samaki wadogo waitwao simu. Hilo hawakuliamini kabisa. Kijana mmoja, tumembatiza Nahodha kwa sababu babake ana mtumbwi, aliuliza kama huwa wanaita.

Nikagundua jambo hapo. Walipokuwa wakinisahihisha walinyoosha mikono, walikatizana, walishindana. Nilipogeukia Kiingereza wakawa kimya kama msikitini. Mtoto hufungua mdomo anapojua kitu ambacho mwalimu hakijui. Itabidi nitafute vitu nisivyovijua, navyo huku havina upungufu.

Wiki ya 3
Waliokuja: 7. Mwezi: giza.

Saba! Nilikaa kibarazani tangu saa tatu na nusu asubuhi, nimejipaka hina, ubao umefutwa, na hakuna mtu. Nikaanza kujilaumu: labda niliwacheka, labda wazazi wameudhika, labda ni huu Ukenya wangu.

Mume wangu akarudi kutoka mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, akacheka. "Umeangalia mbingu jana usiku?" Sikuangalia. "Hakuna mwezi. Dagaa wanatoka."

Nimeishi miezi minne Ujiji na hili sikulijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haivuti samaki kama mwezi wenyewe unawaka juu. Kwa hiyo siku za giza mitumbwi yote iko ziwani, na alfajiri mzigo unashuka. Dagaa hawangoji. Lazima waanikwe jua likiwa changa, mchangani au juu ya vichanja, wageuzwe, na kunguru wafukuzwe. Kazi ya kufukuza kunguru ni ya nani? Ya wanafunzi wangu 19. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na watoto wako huru. Ndiyo maana wiki ya kwanza nilifurika, nikadhani ni umaarufu wangu!

Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapumzike. Jirani yangu ananiambia katika miezi hiyo watoto walikuwa tele mitaani na mifuko ilikuwa mitupu. Mtu wa hapa hawezi kukwambia kwa wepesi kipi bora.

Nimefuta ratiba ya zamani na kuchora mpya, na safu ya kwanza kushoto ni ya mwezi. Darasa linahamia saa kumi jioni. Kabla ya kufunga nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa ili na wapita njia waone: SATURDAY 4.00.

Wiki ya 4
Sikufundisha. Malaria. Ubao ulibaki nje na tangazo lake.

Wiki ya 5
Waliokuja: 24, mara mbili. Mwezi: mpevu.

Saa nne asubuhi niko uani, nimefunga leso kifuani, mikono imo kwenye beseni la nguo hadi viwikoni. Nasikia vishindo kibarazani. Nachungulia: 24, wamekaa mkekani wameshika madaftari. Wakaniona, wakasimama. "Good moooorning, madam!"

Ilikuwa asubuhi kweli. Salamu ilikuwa sahihi, na mwalimu ndiye aliyekuwa amekosea.

Mliokwisha fundisha mmeshajua kosa liko wapi. Mtoto wa Kiswahili akiona 4 husoma saa nne, na ana haki: saa zetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, za Kiingereza huanza usiku wa manane. Nilikuwa nimetangaza saa ya Kiingereza kwa watu ambao sijawafundisha saa ya Kiingereza. Nikajifunga leso ya pili nikafundisha hapo hapo, nguo zikiwa zimeloweka. Tulichora uso wa saa kwa chaki sakafuni, mtoto mmoja akawa mshale mrefu na mdogo wake mshale mfupi. Kanuni yao wameigundua wenyewe: mshale mfupi ukielekeza namba yoyote, Mswahili anasoma namba iliyo mkabala wake. Mshale uko kwenye 4, wewe unasema kumi. Uko kwenye 7, unasema moja. Nimefundisha miaka 9 sijawahi kuiona hivyo. Nilikuwa nikiwaambia watoto wajumlishe sita au watoe sita, na nusu ya darasa inapotea.

Wakarudi tena saa kumi jioni, wote, kuhakikisha. "Good morning, madam!" Tumerudi palepale.

Wiki ya 6
Waliokuja: 18.

Kesi. Bibi wa nyumba ya pili amekuja mwenyewe na bakora yake, akakaa kitini nilichomtolea, akamaliza kikombe cha chai ndipo akasema kilichomleta.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa pwani, una adabu zako. Mjukuu wangu kaniamkia gudi moni. Mimi! Wa kuambiwa gudi moni na mtoto niliyemwogesha!"

Nikamwomba radhi, na radhi yenyewe ilikuwa ya kweli. Shikamoo kwa Kiingereza haipo. Unaweza kumsalimia mfalme wao na muuza magazeti wao kwa maneno yaleyale, ukabadilisha sauti tu. Kwetu mtoto akikuamkia amekwambia tayari wewe ni nani kwake, na ukiitikia marahaba umempokea. "Good morning" inakwambia saa ngapi tu, na hata hiyo wanangu wanaikosea.

Tumeweka sheria: Kiingereza kinaanza ukivua viatu kupanda mkekani, kinaisha ukivivaa. Nje ya mkeka ni shikamoo kwa kila aliyekuzidi. Bibi ameridhika. Ila aliposimama kuondoka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na mtu akinambia hiyo gudi moni, mimi najibu nini?" Nikamfundisha. Mwanafunzi wa 27, hayumo katika orodha.

Wiki ya 7
Waliokuja: 15. Mwezi: giza.

Kumi na tano wakati wa giza! Ratiba ya mwezi inafanya kazi. Wamekuja wananuka dagaa, nami nanuka dagaa, ubao nao unanuka.

Leo tuliwaita samaki. Dagaa, mgebuka, sangala, kuhe. Wakataka majina yao kwa Kiingereza, nikawaahidi kutafuta. Kuhe nimempata usiku kwenye simu (ile ya kupigia): wafugaji wa samaki wa mapambo ng'ambo humwita "emperor cichlid", na inasemekana katika ukoo wake wote duniani hakuna mkubwa kuliko yeye. Nitawaambia. Najua watakavyojibu: kuhe ni wa kukaanga.

Kuna mtoto ambaye mamake huvuka kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kuchukua vitenge. Amesoma huko miaka miwili ya mwanzo, kwa Kifaransa. Nilipoandika "table" akaisoma kwa matamshi ya Kifaransa, ule mwisho akaumeza. Wenzake wakavunjika mbavu. Nikawanyamazisha nikamuuliza maana yake. "Meza." Kati ya wote alikuwa ndiye pekee aliyejua. Kicheko kilihama upande.

Wachache l na r zinawapiga chenga. "We live near the rake." Sijalishughulikia. Ziwa lenyewe lina kina cha mita zaidi ya 1,400, halitahamishwa na herufi moja.

Wiki ya 8
Waliokuja: 19.

Tumekwenda kwa miguu hadi kwenye makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Ni hapahapa Ujiji, na zaidi ya nusu yao hawakuwahi kuingia. Hupita nje tu wakielekea ziwani. Ndani kuna sanamu za wazungu wawili, yeye na Stanley, wakisalimiana, na uani kuna miembe inayosemwa ni machipukizi ya ule mwembe waliokutana chini yake mwaka 1871.

Nilikuwa na hila yangu. Sentensi ya Kiingereza inayojulikana kuliko zote zilizowahi kutamkwa katika nchi hii ilitamkwa mtaani kwao: "Dr Livingstone, I presume?" Mtoto wa London anaijua, mtoto wa Ujiji haijui. Nikaiandika kwenye kipande cha boksi tukakaa chini ya mwembe. Tukaanza na "presume". Nikajaribu nadhani, nikajaribu bila shaka, hazikukaa vizuri. Nahodha akasema, "Si kama sikosei?" Dakta Livingstone, kama sikosei? Imekaa kama kofia kichwani.

Kisha nikawapa kisa. Kwamba Stanley alitumwa na gazeti la New York kumtafuta Livingstone, akaondoka Bagamoyo na msafara mkubwa, vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, vikamkwamisha Tabora, akazunguka kusini ndipo akaufikia mji huu. Kwamba Livingstone alikuwa mzee, mgonjwa, hana mali. Kwamba kurasa za siku ile katika daftari la Stanley zimechanwa, kwa hiyo hatuna uhakika kama alisema maneno hayo au aliyatunga baadaye akiwa ameshiba. Hapo macho yakawatoka. Mtu mzima kuchana daftari!

Lakini lililowashika ni jingine. Stanley mwenyewe aliandika kwamba kabla hajamwona Livingstone, katikati ya umati wa watu wa Ujiji, mtu mmoja mweusi alimsogelea akamsalimia kwa Kiingereza: "Good morning, sir!" Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Halafu akaja Chuma naye akasalimia. Wale wawili ndio, pamoja na wenzao, waliobeba maiti ya Livingstone baada ya kifo chake cha 1873 hadi kuifikisha Bagamoyo mwaka uliofuata, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, moyo wake wakiwa wameuzika kule alikofia, Zambia ya leo.

Kimya. Halafu yule msichana wa wiki ya kwanza, yule wa fine thank you, akaniuliza, "Kwa hiyo aliyesema Kiingereza kwanza hapa ni Susi?"

Siku ile, ndiyo, Susi alitangulia.

"Na ilikuwa asubuhi?"

Nikamwambia kwa alivyoandika Stanley, Susi alisema "good morning". Akatikisa kichwa, akalitazama jua liko wapi, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikumuuliza. Nimelirudia swali lake mara tatu leo jioni nikipika, na kila mara naona ndilo swali la kwanza la kweli nililoulizwa tangu mradi uanze. Alitaka kujua kama maneno yalilingana na saa.

Wiki ya 9
Waliokuja: 25, na wazazi kama 10. Mwezi: karibu kupevuka.

Tumeigiza. Kugawa sehemu kulikuwa vita: hakuna aliyetaka kuwa Livingstone, kwa sababu hana la kufanya ila kungoja. Stanley alipata wawili. Waliotaka kuwa Susi walikuwa 11. Tukapiga kura, akapita msichana, na wavulana walipolalamika nikawaambia Livingstone naye atakuwa na ndevu za pamba, kwa hiyo hapa hakuna anayefanana na mtu.

Mazoezini likazuka jambo. Mtoto aliyekuwa Stanley aliuliza umri wao. Nikahesabu: Livingstone 58, Stanley 30. "Basi mbona hakumwamkia?" Nikasema ni Waingereza wale, hawaamkii. Wakakataa. Mtu umetembea miezi, umemkuta mzee mgonjwa barazani kwake, ugenini, halafu humwamkii, unasema kama sikosei? Bibi wa nyumba ya pili alikuwa amekaa pale pembeni kwa shughuli zake ambazo hazikuonekana. Akasema, "Hao watoto wana akili."

Kwa hiyo katika mchezo wa Ujiji mambo yalikwenda hivi. Susi alipita katikati ya umati, akanyoosha mkono, akasema "Good morning, sir!" bila kuvuta wala kuimba, kama mtu anayemwambia mtu. Umati ukafunguka. Stanley akavua kofia, akainama: "Shikamoo, Dr Livingstone, I presume?" Na Livingstone, ndevu zikiwa zimeshuka hadi kidevuni: "Marahaba."

Wazazi walipiga makofi hadi majirani wakadhani kuna harusi. Nawajua baadhi yenu mtasema nimeharibu historia. Nami nasema kaulizeni kurasa zilizochanwa.

Wiki ya 10
Waliokuja: 16.

Hesabu tu. Chaki boksi 3, mkeka wa pili, kopi za kusomea nilizotoa duka moja mtaa wa Mwanga ambazo nusu zilitoka zimefifia na mwenye duka hakutaka kusikia. Mfadhili aliyeahidi vitabu mwezi wa kwanza wa mradi hapokei tena simu. Mume wangu amelipia mkeka na amesema hatasema, kisha akasema mbele ya wageni.

Wiki ya 11
Waliokuja: 13 kwa wakati. Mwezi: giza.

Nimeanza saa kumi kamili. Nilipoingia walisimama, pakawa na ukimya mfupi, nikaona macho mawili matatu yakienda kwenye kivuli cha paa. Wengine wakasema "Good morning", wengine "Good afternoon", wakatazamana, wakaanza kubishana kwa Kiswahili nani kapatia. Niliwaacha wabishane.

Katikati ya somo yule msichana akaja, amechelewa, magamba yameng'ang'ania mikononi, amevua viatu akasimama ukingoni mwa mkeka. Nikamuuliza kwa Kiingereza kwa nini amechelewa, na nikiri nilikuwa nangoja fine thank you.

Akafikiri. Akatazama mikono yake.

"The dagaa is many," akasema.

Nikamkaribisha akae. Nikaiandika ubaoni vilevile alivyoisema. Wiki ya 12 tutairekebisha.